Pointi za Fanny Mutambo: Kadi Namba 41

Tulipoachana wiki jana, foni ya parokia ya mji wetu wa Baraka ilikata roho katikati ya sentensi, nanyi mkaniandikia matusi. Msomaji mmoja wa Nundu amesema nina roho mbaya kuliko askari wa kizuizi cha barabarani. Nimepokea, bwana. Kaa vizuri tuendelee.

Kwa aliyechelewa: ni mwaka 2001, vita bado iko mlangoni, na foni, ile redio ya kuongelea kwa mdomo, ndiyo posta yetu na ndiyo simu yetu. Saa kumi za alasiri Sista Émilienne, aliyeko Uvira, alikuwa akisoma pointi za shindano la bourse, ufadhili wa masomo unaotolewa na masista. Nafasi ni mbili tu kwa eneo zima la Fizi: miaka miwili ya mwisho ya sekondari huko Bukavu, kitanda, chakula na vitabu bure. Seuil, yaani pointi za kufuzu, ni sitini na tano kwa mia.

"Mutambo Fanny," Sista alisema, "amepata pointi..."

Halafu kimya. Betri imekufa.

Fanny Mutambo, binti wa miaka kumi na minane mwenye mdomo usiojua kupumzika, alikuwa amesimama chini ya dirisha la foni akisubiri namba yake. Namba hakuipata. Alichopata ni kilo mbili za unga wa muhogo kichwani.

Aliyemmwagia ni mama yake mzazi, Mama Georgette, muuza ndakala, wale dagaa wa pale ziwani.

"Amepita! Mutoto wangu amepita!"

Msimcheke. Kwetu mtihani wa serikali ukitangazwa, yanasomwa majina ya waliofaulu peke yao. Ukisikia jina lako, basi, unamwagiwa pudre, yaani poda nyeupe, kutoka nywele hadi kifua, na mtaa mzima unaimba nyuma yako. Pudre ya dukani ilikuwa imeadimika tangu boti zilipoanza kuporwa, ndiyo maana Mama Georgette alibeba unga wa chakula cha jioni.

Tatizo ni moja. Bourse ya masista haisomwi hivyo. Sista Émilienne alikuwa anasoma kila mtu na pointi zake, hata kijana mmoja maskini aliyepata kumi na mbili, na Kivu nzima ikamsikia.

"Mama," Fanny akasema huku akitema unga, "hajasema pointi."

"Pointi ya nini? Bamesoma jina!"

"Hapa banasoma jina ya batu bote, mama. Hata bale ba kupata sifuri."

"Bale ni bale. We bamekusoma na sauti ya furaha. Mi nimesikia."

Utabishana vipi na mtu wa namna hiyo? Wanawake wa soko walikwisha kuanza kuimba, na mmoja wao alikuwa amekamata kuku ambaye hakuwa wake.

Pale uwanjani kulikuwa na mtu mmoja aliyezijua kanuni za bourse kwa kichwa. Huyo ni Prefe Norbert, mkuu wa shule ya Fanny, mtu anayevaa tai hata akienda kuoga ziwani. Yeye mwenyewe ndiye aliyewasomea wanafunzi zile kanuni. Fanny akamshika kiwiko.

"Bwana Prefe, baambie. Seuil ni sitini na tano. Hatujue kama mi niko juu ao chini."

Prefe aliuangalia umati. Akamwangalia kuku, ambaye sasa alikuwa ananyonyolewa. Akakohoa.

"Binti yangu, ukweli iko na saa yake."

"Saa gani?"

"Kisha kula."

Simlaumu sana. Miezi minane hakuwa ameonja nyama, na walimu wetu tangu vita ianze wanafundisha kwa maji ya kunywa na heshima.

Fanny akawaacha na wimbo wao, akaingia chumba cha foni. Ndani yumo Bertin, mwendesha foni, mtu aliyekaa na mashine ile miaka mingi hadi kila sentensi anaimaliza kwa neno la redio, à vous, yaani zamu yako, hata akiongea na mke wake.

"Bertin, amusha hii kitu."

"Betri imekufa. À vous."

"Ile ya akiba?"

"Basoda, bale askari, bamebeba tangu Pasaka. À vous."

"Tutafanya je sasa?"

Hapo Bertin akampa habari mbaya zaidi. Kesho saa nne asubuhi Sista Émilienne atarudi hewani kwa mara ya mwisho. Atawaita washindi wawili, na kila mshindi atajibu mwenyewe, kwa sauti yake, na namba ya kadi yake. Ataitwa mara tatu. Asipojibu, nafasi inakwenda kwa anayemfuata kwa pointi.

Ni kanuni kali, lakini masista nao wana haki. Watu wamekufa, watu wamevuka kwenda Tanzania, watu wameingia porini, na hakuna mwenye kuweka kitanda kwa mtu asiyejulikana kama yu hai.

Kwa hiyo hesabu ni rahisi. Bila betri, hata kama Fanny amepata mia kwa mia, ni kazi bure.

"Nani iko na betri muzuri mu Baraka?" akauliza.

Safari hii Bertin hakusema neno la redio. Alinyoosha kidole tu kuelekea nyumba ya mabati mekundu iliyo karibu na ziwa. Kutoka huko zilikuwa zinasikika kelele za filamu ya karate, mtu anapigwa teke na anakataa kufa.

Nyumba ya Komanda Darius.

Ninyi mnaosoma gazeti hili mkiwa mbali hamumjui Komanda Darius. Ndiye mkubwa wa askari walioshika mji. Aliwahi kumfungia mtu siku mbili kwa kosa la kupiga chafya wakati bendera inapanda. Akina mama wa Baraka wakitaka mtoto amalize ugali, wanamtaja yeye. Na betri ya akiba ya parokia ndiyo iliyokuwa inaendesha televisheni yake.

Kesho yake saa mbili asubuhi Fanny alibisha hodi pale. Unga ulikuwa bado kichwani, kwa sababu mama yake alikataa asioge kabla ya kusikia pointi. Eti ni mkosi. Mlinzi alipomwona akaruka nyuma.

"Komanda! Kuna muzimu hapa!"

"Ingiza," sauti ikajibu. "Bazimu habaleti shida."

Komanda alikuwa anapiga mswaki, fulana nyeupe, bastola kiunoni. Alimtazama Fanny kutoka juu hadi chini.

"We njo ule bamepaka unga jana?"

"Ndiyo, Komanda."

"Pointi ngapi?"

Fanny alishtuka. Tangu jana mji mzima ulikuwa umeimba, umecheza, umemla kuku wa watu, na hakuna hata mmoja aliyeuliza swali hilo. Wa kwanza kuuliza ndiye huyu.

"Sijue. Betri ilikufa. Na ile ya akiba njo hii inaonesha filme yako."

Mlinzi alifumba macho. Komanda akatema povu la mswaki dirishani.

"We," akamwambia mlinzi, "toka. Funga mulango."

Najua mnachokiogopa, nami nilikiogopa. Nje ya ua Mama Georgette, aliyemfuata binti yake kimyakimya, alisikia mlango ukifungwa. Akavua kandambili zake zote mbili, akazishika mkononi, akaanza kukunja kitenge. Mama akishafika hapo, hata jeshi linapaswa kufikiri mara mbili.

Lakini Komanda hakumsogelea Fanny. Alifungua kasha la kanda ya video, akatoa kadi ndogo ya rangi ya waridi, akaiweka mezani.

Fanny aliijua kadi hiyo. Na yeye anayo, namba kumi na saba. Hii imeandikwa namba arobaini na moja.

"Hii ni ya nani?"

"Ya mi."

"Ya we?"

"Sema polepole!" Komanda akaangalia mlangoni. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Mitihani nilifanyia Nundu. Nilivaa sivili na miwani ya muyomba wangu. Ile miwani ilikuwa inapandisha jometri yote juu ya ukurasa."

Fanny alitaka kucheka, akaiona ile bastola, akameza kicheko.

"Komanda, bourse ni ya banafunzi."

"Masista habakuandika miaka. Nimesoma karatasi yao mara kumi. Bamesema vita ilikula miaka ya batu, kwa hiyo habaulize." Akakaa. "Basoda balikuja kunikamata mu darasa ya ine, bakanipa bunduki, mwaka ya tisini na sita. Nilikuwa na miaka kumi na sita. Mi nilikuwaka wa kwanza, unasikia? Wa kwanza! Mwalimu wa hesabu akikwama ku ubao, ananiita mi."

Piga hesabu, msomaji. Komanda Darius, mtu ambaye Baraka yote ilimpa miaka thelathini na zaidi, alikuwa na ishirini na mmoja.

"Basi kwa nini jana hukuleta betri?" Fanny akauliza. "Na we ulikuwa unangoja pointi."

"Foni iko wazi, mutoto ya watu. Bale ba mu pori, baadui betu, banasikilizaka foni ile ile. Bakijua ni mi, na Sista aseme nimepata kumi na mbili, batacheka mupaka vita inaisha."

"Si iishe basi!"

Komanda alimkazia macho. Kisha mabega yakaanza kutikisika, na kicheko kikamtoka puani pamoja na dawa ya meno.

"Uliandika jina gani ku kadi?" Fanny akauliza haraka, maana alikuwa ameona njia ya kupita.

"Bonaventure. Darius ni jina ya vita. Bonaventure njo jina mama alinipa, na mama amekufa. Hakuna anayeijua hapa."

"Bon. Leta betri. Utasimama pale na sura yako ya kila siku. Batafikiri unachunga betri. Utasikia pointi zako, hakuna hata muntu mumoja atajua."

Ilikuwa akili nzuri. Fanny mwenyewe aliifurahia. Angejua, angeuma ulimi wake.

Saa nne kasoro dakika tano askari wawili waliingiza betri chumba cha foni kama wanabeba sanamu ya Bikira. Watu walijaa hadi madirishani. Prefe Norbert alikuwa mbele, tai imenyooka. Mama Georgette alikuwa amevaa kandambili zake, ila kwa uangalifu wa mtu anayeweza kuzivua tena. Komanda Darius akaegemea mlangoni, bunduki begani, uso umekunjwa.

Bertin akaunganisha waya. Foni ikakoroma, ikapiga mluzi, ikaamka.

"Baraka, Baraka," Sista Émilienne akaita. "Mulipotea jana. À vous."

"Tumerudi, Sista! À vous!"

"Nilifika kwa Mutambo Fanny. Mutambo Fanny, pointi sitini na nane."

Sitini na nane! Juu ya seuil!

Chumba kililipuka. Mama Georgette alilala chini, akaamka, akalala tena. Prefe Norbert akapanda juu ya kiti na kutangaza kwamba yeye alilisema hili tangu jana, jambo ambalo ni uongo mtupu. Fanny alilia bila kujificha. Hesabu zile alizisomea kwenye shimo nyuma ya nyumba yao, risasi zikipita juu, na daftari lake bado lina udongo. Alikuwa na furaha ambayo hajawahi kuwa nayo.

Furaha hiyo ilidumu pumzi mbili hivi.

"Baraka, mutulie," Sista akasema. "Nafasi ni mbili, na waliopita seuil ni watatu."

Mama Georgette akaamka tena kutoka sakafuni.

"Wa kwanza ni Nishimwe Aline, pointi sabini na saba. Amekwisha kujibu asubuhi hii kwa foni ya milimani."

Nyuma ya chumba mtu mmoja alianza kunung'unika juu ya watu wa milimani, eti ni wageni. Mama Georgette aligeuka.

"Aline amekula ndakala yangu miaka tatu, benchi moja na Fanny. Mwenye iko na maneno juu ya Aline, alete mudomo yake hapa karibu."

Mnung'unikaji akainama kutafuta kiatu chake.

"Wa pili," Sista akaendelea, "ni Bonaventure, kadi namba arobaini na moja. Pointi sitini na tisa. Fanny, anakuzidi pointi moja. Nitamwita mara tatu. Asipojibu, nafasi ni yako. À vous."

"Bonaventure gani?" watu wakaulizana. "Nani anamujua Bonaventure?"

"Amekufa!" Mama Georgette akapiga kelele kuelekea foni. "Sista, huyo alikufaka zamani! Mungu amupokee!"

Prefe Norbert, mtu wa kanisa, akainamisha kichwa kumwombea marehemu. Bertin akafanya ishara ya msalaba.

Fanny peke yake hakuangalia foni. Aliangalia mlangoni. Komanda Darius alikuwa bado ameegemea pale pale, lakini midomo yake ilikuwa inacheza. Fanny aliisoma vizuri: sitini na tisa. Sitini na tisa. Alikuwa anairudia mwenyewe kama mtu anayeogopa kwamba wataibadilisha.

"Bonaventure, kadi arobaini na moja. Mara ya kwanza."

Foni ilikoroma tu.

Hatajibu, Fanny akajiambia. Atajibu vipi? Askari wake wapo. Mji wote upo. Porini wanasikiliza. Mtu aliyewatisha watu muda wote huu hawezi kusimama hapa na kusema yeye ni mwanafunzi. Fanny aliitaka nafasi ile kwa roho yake yote, na kwa mara ya kwanza maishani akamwomba Mungu amzidishie mtu woga.

"Bonaventure, kadi arobaini na moja. Mara ya pili."

Sauti nyingine ikaingia hewani, ya mwanaume, nzito, ya mbali. Kila mtu aliijua. Ni ya mkubwa wa wale wa porini.

"Eh, Bonaventure, jibu basi," ikasema. "Ao muke yako amekukataza shule?"

Watu wakacheka, hata askari wa Komanda wakacheka. Komanda naye akatabasamu upande mmoja. Fanny alimwona akivuta mkanda wa bunduki, akigeuka kutoka nje, akivuka kizingiti. Moyo wa Fanny ukaruka kwa furaha. Bukavu! Kitanda! Vitabu!

"Bonaventure, kadi arobaini na moja. Mara ya tatu na ya mwisho."

Komanda akasimama.

Akarudi ndani. Watu wakampisha njia wenyewe. Akavua bunduki begani, akaiegemeza ukutani, akanyoosha mkono mbele ya Bertin. Bertin akampa mikro, kile kipaza sauti chake, bila kusema à vous.

"Asante Komanda," Mama Georgette akamnong'oneza jirani. "Anaenda kuwaambia ule muntu amekufa."

Komanda akabonyeza.

"Présent, Sista," akasema. Sauti yake ilitetemeka kama ya mtoto wa darasa la nne. "Bonaventure. Kadi arobaini na moja. Niko hapa."

Prefe Norbert akakaa chini pasipo na kiti. Kandambili moja ikamtoka Mama Georgette mkononi. Sijui aliivua saa ngapi. Fanny akamgeukia Komanda. Pointi moja! Na betri iliyomleta huyu mtu hapa, ni yeye Fanny aliyekwenda kuiomba. Alimchukia. Na ubaya zaidi, alikuwa amesikia ile sauti ikitetemeka, na hakuweza kumchukia mpaka mwisho.

"Sauti nimeipata vizuri, Bonaventure," Sista akasema. "Boti inatoka Baraka Alhamisi. Utapanda? Sema ndiyo ao hapana, nifunge orodha."

Kabla hajajibu, ile sauti ya porini ikaingia tena. Safari hii haikuwa na mzaha.

"Hii sauti naijua mi," ikasema polepole. "Darius. Ni we." Foni ikakoroma kidogo. "Panda boti, ndugu yangu. Usome vizuri. Siye tutaingia Baraka Ijumaa."

Askari walimwangalia komanda wao, bunduki yake ikiwa peke yake ukutani. Mama mmoja akaanza kuita watoto wake kwa majina.

"Baraka?" Sista akaita. "Ndiyo ao hapana?"

Fanny alimkaribia hadi akasikia harufu ya dawa ya meno. Neno moja tu, hapana, na kitanda cha Bukavu ni chake, na mji unabaki na mlinzi.

"Komanda," akasema, "tafazali."

Komanda Darius alimtazama. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi, na hakuyafuta. Akabonyeza mikro.

"Ndiyo, Sista. Andika."